Kona ya Arobaini na Moja

Saa nne usiku, Kasulu. Umeme umekatika mara mbili,
jenereta ya jirani inakohoa kama mtu aliyemeza moshi.
Kwenye skrini barabara yangu imelala chali,
nyembamba, ya kijani, inapanda milima,
na kila kona imejiegemeza kama nilivyoagiza:
ukingo wa nje juu, wa ndani chini, asilimia sita.

Kila kona, isipokuwa moja.

Pale kilomita arobaini na moja na mita mia mbili sitini
lami inainamia nje, inachungulia bondeni.
Lori la chumvi kutoka Uvinza likija hapo na mwendo wake
litamwagwa kama maji ya kuoshea vyombo.

Nimefuta jedwali la mwinamo, nikaliandika upya.
Nimebadili kasi: themanini, sitini, themanini tena.
Nimejiuliza, hii inakata kushoto au kulia?
nikageuza shingo yangu mwenyewe kuhakikisha.
Nimekifupisha kipande cha mpito
kisiivamie kona inayofuata, maana zimefuatana
kama herufi S ya mtoto wa chekechea.
Nikabonyeza: jenga upya.
Duara likazunguka. Likazunguka. Chai ikapoa.
Kona nyingine zote zikatii.
Ile ikabaki imenuna, asilimia mbili na nusu, kwa nje.

Nikaitukana programu kwa Kiha,
lugha isiyokuwemo kwenye menyu yake.

Baba alibeba mawese kwa baiskeli, madumu manne,
hakuwahi kuisikia hiyo asilimia.
Akifika kwenye kona alilalia ndani,
mwili wote, na mafuta yakalala naye.
Mwanawe ana shahada, na lami inamshinda.

Saa saba kasoro nikaanza kufungua kimoja kimoja,
kama anayechambua maharage kwenye ungo.
Tabaka. Mstari. Nukta.
Na chini ya yote, nukta iliyofungwa kwa mkono,
tarehe kumi na nne Machi, jina: Gwasa.
Maneno mawili: *Maji. Usiguse.*

Gwasa, aliyehamishiwa Songea bila hata kuaga.

Ndipo nikaikumbuka Machi. Tumesimama pale pale,
buti zimebeba tope kilo mbili kila moja,
na mama Sekunda Bitwale anatuonyesha ukutani
mstari wa matope, juu ya goti lake.
"Ya vumbi inanimiminia hivi. Ya lami itanifanyaje?"
Mimi niliandika jina lake, nikafunga daftari.
Barabara ikilalia ndani, mvua yote hukimbilia ndani,
na ndani ya kona ile ni mlango wake.

Basi mashine haikukosea. Ilitii.
Ilitii watu wawili waliobishana bila kuonana:
mmoja akimtetea dereva,
mmoja akitetea kizingiti.

Nimeifungua nukta. Lami imelala inavyopaswa.
Kisha nikachora mtaro wa zege upande wa ndani,
na kalavati, kipenyo milimita mia tisa,
maji yapite chini ya magurudumu, yashuke bondeni.
Gharama imeruka. Kesho bosi atavua miwani.
Mahali pa maneno ya Gwasa nimeandika:
*Maji. Nimegusa. Kalavati isifutwe.*

Nikahifadhi faili mara mbili. Jenereta ikazima.
Nikabaki gizani, kichwa kimelalia kushoto,
kidogo tu,
kama asilimia sita.