Benchi la Masjala

Jumatano gazeti tulilifungua kwa nyuma.
Habari za mbele zingesubiri,
kwanza tumwone Bwana Njookesho:
tai imelala juu ya tumbo kama mbuzi juu ya kichuguu,
muhuri mkononi, chai mdomoni,
na foleni imetoka dirishani kwake
ikaizunguka Ilala yote, ikapita Karume,
ikarudi kwa mlango wa nyuma.
Wa mwisho alifika akiwa bibi harusi,
sasa ni bibi tu.

Tulicheka, Mwinshehe. Bosi wetu naye alicheka,
akauliza, "Hivi huyu ni nani?"
Tukatazama dari.

Kisha ile Jumatano ya Machi:
pembeni, karibu na sahihi yako,
ile kandambili moja iliyokatika kamba,
karani kalalia mafaili,
buibui kamtandia kutoka sikioni hadi kwenye kalenda,
na kitenge chake kina mikasi.
Mikasi myekundu.
Ofisi nzima nani mwingine ana kitenge cha mikasi?

Sikucheka. Nilikukasirikia siku tatu,
ya nne nikaja Keko kukusuta.

Nikakukuta kati ya mafundi makochi,
randa zinalia, vumbi la mbao linaelea,
linatua juu ya rangi mbichi nawe hulipangusi.
"Liache," ulisema, "nalo linakaa Keko."
Maneno niliyoyanoa tangu Chang'ombe
yakanikwama kooni,
maana ukutani palikuwa na benchi letu.

Benchi la masjala, la kijani, tupu,
alfajiri, kabla ya watu.
Hakuna tumbo. Hakuna mzaha.
Mwanga tu umekaa pale mwishoni
kama mtu aliyewahi namba ya kwanza,
na mbao zimebonyea, zimeng'aa
kwa makalio ya miaka ishirini.

Wewe mwenye kalamu ya kuchuna ngozi,
mkono huu wa kuogesha kichanga uliutoa wapi?
Niliuliza bei. Ukataja. Tukacheka wote,
mshahara wangu ulishauchora:
sisimizi kabeba sarafu.

"Benchi hili umelijulia wapi?"
"Nilikaa miaka sita. Hati ya kiwanja cha mama, Tabata.
Mimi nilikuwa nakuona."

Hukusema kwa ubaya. Ulichovya brashi,
ukaongeza kijani kidogo kwenye mguu wa benchi.

Hati nimeipata, Mwinshehe. Kabati la tatu, chini ya thermosi.
Ina duara la chai juu ya jina la mama yako.
Nimejaribu kulifuta, limezidi kutanuka.
Hilo sijui utalichora vipi.

Nimeileta mwenyewe. Mafundi wanasema umekwenda kunywa supu,
labda utarudi, labda hadi kesho.
Nimekaa juu ya kochi lisilo na kitambaa,
springi zinanichoma,
nangoja.