Mfupa Unakua

Mliambiwa anakua. Hata mimi ningesema hivyo:
mvulana wa miaka kumi na minne, goti linamuuma usiku,
ameongezeka inchi mbili tangu mavuno ya viazi,
suruali ya shule imepanda juu ya kifundo.
Mkamkanda kwa maji ya moto na chumvi.

Sasa kipande cha mfupa wake kiko kwangu,
maabara, ghorofa ya pili, hapa Mbeya.
Kimelala siku nane kwenye tindikali kilainike,
kimekatwa chembamba kuliko ganda la kitunguu,
kimepakwa waridi na zambarau.
Lebo: Anyosisye, wa Isongole.

Mama, uliniuliza kwenye korido: nani kamfanyia?
Ulitaka nyumba ya kuielekezea kidole.
Majina ninayo, ila hayana ukoo.

Mfupa una wajenzi na wabomoaji,
huyu anatoa tofali bovu, yule anaweka jipya.
Na ndani ya kila seli kuna mlinzi,
protini iliyopewa namba tu, hamsini na tatu.
Kazi yake ni kusema ngoja,
hapa pamekosewa, rekebisha,
ukishindwa, kufa.
Kwa mwanao huyu mlinzi ameandikwa vibaya,
herufi chache tu, kama karani anavyokosea jina
kwenye cheti cha kuzaliwa
na mtu akaishi na kosa lile.

Basi seli hazisikii ngoja.
Zinajenga. Naziona:
mfupa mbichi, tarizi ya mlevi,
ukuta mahali pasipoombwa ukuta.
Kisha zinawaita wabomoaji,
nao wakiula mfupa inamwagika mbolea
iliyowekwa humo kwa ajili ya kimo chake.
Zinainywa. Zinaita tena.

Picha ya kifua ililetwa Alhamisi.
Niliomba uwe ukungu, kama ule wa Kawetele
unaoondoka wenyewe saa nne.
Ni punje mbili, pafu la kushoto.
Zimesafiri kwa damu, bila tiketi, bila kuaga.

Ripoti yangu ina mistari minne.
Neno jirani halimo.

Vile viazi ulivyoniletea, nusu debe, viko chini ya meza ya jikoni.
Nilisahau, vikachipua gizani.
Jana usiku niliyakwanyua machipukizi kwa kidole gumba,
moja moja, nikachelewa kulala.
Dawa zinaanza Jumatatu.