Tundu la Mtu Mmoja

Tukuyu hakuna anayerekodi bila mvua.
Maiki uiweke wapi? Uvunguni, kabatini,
chini ya blanketi mbili –
bati lina mdomo kuliko kinanda.
Mara ya kwanza nilimpelekea mwalimu wa kwaya,
akasikiliza hadi ubeti wa pili, akauliza:
"Lusekelo, huyo anayekaanga vitumbua ni nani?"

Kiboksi cha kurekodia nilikiona Mwanjelwa,
chekundu, kina vitufe viwili vya kuzungusha.
Laki mbili na themanini.
Nikapiga hesabu kwa mikungu ya ndizi ya mama,
nilipofika wa kumi na tisa nikaaga.

Kwa hiyo ni waya.
Waya wa elfu tatu, pini huku na huku,
moja nene, nyingine nyembamba kama msumari wa kiatu.
Nyuma ya kinanda, kushoto, lipo tundu
alilolitumia Tusekile miaka yote,
usiku, wapangaji wamelala,
tundu la mtu mmoja kujisikia peke yake.
Alipoolewa Makambako aliniachia kinanda
na hedifoni zilizochanika sifongo.
Sasa humo nachomeka kompyuta,
nayo iwe na sikio.

Pini ikiingia tu, spika zinanyamaza.
Ndivyo tundu lilivyoumbwa:
anayesikiliza faraghani huzima chumba kizima.
Mama anapita na beseni la maharage,
ananiona natikisa kichwa, vidole vinakimbia,
na kinachosikika ni plastiki,
tak, tak-tak, kuku anadonoa sinia.
Anasimama.
"Imekuanza lini?"
kwa ile sauti ya kuulizia homa.

Halafu nikafunzwa adabu.
Tundu hili lilitengenezwa kusukuma masikio,
halijui kunong'ona.
Nilifungua sauti yote, besi zikapasuka
kama gunia la viazi lililoangushwa kutoka juu ya lori.
Nikarudi robo. Nikapanda kidogo.
Kwenye kioo mstari wa kijani ukapumua
bila kugusa wekundu.

Na ule mngurumo. Nnnnnn,
hauvuti pumzi.
Nikadhani ni mashine ya kusaga ya Mwaisumo,
lakini Mwaisumo alikuwa msibani, Katumba.
Nikadhani kinanda kimezeeka.
Nikachomoa chaja ya kompyuta: kimya.
Nikairudisha: nnnnnn.
Basi. Usafi wa sauti yangu
una urefu wa betri,
na betri yangu ni dakika ishirini na mbili.

Nilipiga nyimbo tatu bila kufuta jasho.
Ya nne ilikatika katikati ya kiitikio,
kioo cheusi, uso wangu ndani yake,
mdomo wazi.

Jioni umeme ulipotulia nikamvalisha mama hedifoni,
upande wa kulia ndio unaofanya kazi.
Nje mvua inatwanga. Akafumba macho.
"Safi," akasema. Kisha:
"Ulikwenda kupigia wapi?"
Hapa hapa, mama. Ulipita na maharage.
Akavua, akasikiliza bati.
Akavaa tena. Akavua.
"Hapa siyo hapa," akasema,
akaenda kuangalia jiko.

Sijalala. Nimeweka simu dirishani,
nairekodi mvua peke yake,
inavyoanzia kwenye migomba, inavyopanda ukuta,
inavyofika juu na kusahau adabu.
Dakika nne zinatosha.
Nitailaza chini ya wimbo wa tatu,
chini kabisa, mahali anapofika mtu
aliyezoea tu.
Na mwalimu wa kwaya akiuliza tena nani anakaanga,
safari hii nitamtajia jina.