Hesabu ya Uwele

Mwaka ule mvua ilikatika mwezi wa pili,
uwele ukasimama mfupi kama mtoto aliyenyimwa.
Tulivuna kidogo, tukaanika juu ya tembe.
Haujakauka vizuri, karani akaja kutoka kambi ya Kikombo,
kalamu sikioni, askari wanne nyuma,
na punda ishirini wenye magunia matupu.

"Kila kaya pishi kumi na nane."

Baba hakubishana. Aliuliza jambo moja tu:
pishi ya nani?
Maana yetu ilikuwa kibuyu cha bibi,
na yao kopo la bati
lililotikiswa, likashindiliwa,
likafanywa kichuguu juu,
ndipo likaitwa moja.

Walikomba lindo la kwanza, wakakomba la pili.
La tatu alilikalia Madeje, mke mdogo,
akiguna kama mwenye uchungu wa kuzaa.
Askari mmoja, kijana, aligeuza uso.
Karani hakugeuza.

Halafu nyasi.
Nyumbu wa mizinga hawashibi amri,
na kiangazi cha Ugogo, nyasi zitoke wapi?
Bahati tembe zetu ni za udongo;
zingeezekwa kwa nyasi wangetuvua paa kama kofia.
Tukabeba mabua ya mtama, Buigiri hadi Kikombo,
tukarudi gizani, shingo zimezama mabegani.
Mabua yale tuliwawekea ndama.

Malipo yalikuwa karatasi, na muhuri wa ndege.
Baba aliikunja, akaitia ndani ya kibuyu cha ugoro:
"Hii nayo ikamuliwe."
Hakucheka mtu.

Kambi iling'oka usiku. Hatukuambiwa vita imeelekea wapi.
Kulipokucha mama zetu walikwenda na nyungo
pale walipofungwa nyumbu,
wakachambua kinyesi, punje kwa punje.
Mimi nilichota maji ya kuoshea.
Sina la kuongeza hapo. Tulikula.

Ndahani, mdogo wangu, hakukiona kifuku.

Mvua iliporudi, juu ya tembe,
kwenye nyufa za mahali tulipoanika,
ikachomoza miche ambayo hakuna aliyeipanda.
Karani alipekua majivu, alipekua chini ya vitanda,
alichokoa hata kaburi jipya kwa ncha ya mkuki.
Juu hakupanda.

Jioni baba alikwea, akachuchumaa,
akaihesabu kwa kidole bila kuigusa.
Kumi na moja.
Akaanza upya.
Kumi na moja.