Kalamu Ingali Juu

Kiumbe aliyeangukia paa la Bi Nafwiya, hapa Kuze, Mombasa,
alikuwa na siku arubaini tu duniani
alipomkumbatia kifaranga hadi kifaranga akanyamaza.

Tukakusanyika uani. Mahamri yakapoa siniani.
"Muuaji," alisema Famau, mwenye kuku.
"Kalamu ingali juu," akajibu Maalim Bwanakheri,
"mtoto haandikiwi dhambi hadi abaleghe."

Lakini huyu atabaleghe lini,
yeye ajivuaye ngozi kila mvua inaponyesha,
asiye na ndevu wala hedhi,
asiye na wa kumwambia *koma*?
Na huenda kwao kubana ndiko kupenda.

Tulibishana mpaka kahawa ikaisha.
Yeye juu ya paa, kimya, macho yote matatu kwetu.

Alfajiri, mlangoni pa kizimba,
Famau alikuta kidole kimoja kibichi,
kimefukiwa nusu mchangani kama mbegu,
na matone ya buluu yakipanda ukuta.

Nikavihesabu vilivyobaki. Sita.
Jana vilikuwa saba.

Deni, alifundishwa na nani?

Famau hakukitupa, wala hakukizika.
Amekifunga kwenye leso ya marehemu mkewe,
na hataki kuulizwa.