Mzamiaji

Inga Rendall anatema mate kwenye miwani,
anayapaka kwa kidole gumba, anaisuuza, ananirudishia.
"Bila mate utaona ukungu tu."
Ndiye anayeuza dizeli na mikate hapa Burray,
na Jumamosi hii kanibana ndani ya suti ya mpira
kama muhogo uliorudishwa kwenye ganda lake.

Maji nyuzi kumi na mbili. Agosti, wenyeji wanayaita ya moto.
Yanaingia shingoni, yanateremka mgongoni
taratibu, kama mtu anayesoma barua isiyo yake.
Navuta pumzi kwenye mrija.
Nasikia kifua changu kikijibu kutoka mbali.

Kisha ipo.
Si chini sana, kina cha mtu na nusu:
meli imelala ubavu, mataruma wazi,
omo imevaa mwani, tezi imevaa mwani,
kutu imelainika kama mkate ndani ya chai.
Jina limeliwa.
Kiti cha pweza kimebandikwa kwenye bwela,
pweza mwenyewe hayupo.
Kaa anachungulia kwenye tundu la ribiti.

Haikupigwa na dhoruba. Haikugonga mwamba.
Wakati wa vita waliikokota hadi hapa mlangoni,
wakaitoboa tumbo
iwe komeo, adui asipenye.
Kuzama, kuzamisha, kuzamishwa:
darasa la sita niliiandika ubaoni minyambuliko yote,
chaki ikinikwaruza kucha,
nikasahau mmoja.

Kuzamia.

Kwetu Tanga mzamiaji si mtu wa miwani na mapezi.
Ni kijana aliyejipenyeza bandarini usiku
akajilaza kati ya marobota ya katani
na mkate mmoja na chupa ya maji,
na asubuhi nyumbani wakasema kwa sauti ya chini, "Kazamia,"
kama wasemavyo kapata kazi,
kama wasemavyo katutoka.

Mjomba Shekue alizamia mwaka wa themanini na sita.
Wa kwanza kuleta habari alisema kamwona Pireasi.
Wa pili, Kadifu, ana gari jekundu.
Wa tatu hakusema kitu. Alikunywa chai, akaaga.
Baiskeli yake mama aliwaazima watu,
ila mwisho Ijumaa. "Akirudi ataitaka."
Miaka ishirini, kila Ijumaa, baiskeli ikarudi,
mara nyingine bila kengele.

Mimi nilikuja kwa ndege, na viza,
na cheti cha uuguzi chenye mihuri minne.
Nawaosha migongo wazee wa Kirkwall, nawakata kucha.
Sikujificha popote.
Na leo nimelala kifudifudi juu ya maji ya watu
nachungulia ngama,
giza la kati ya taruma na taruma,
pale mtu angejikunja, magoti kidevuni,
kama angekuwapo, kama hii ingekuwa meli ile.

Si meli ile. Najua. Hii ilizama
kabla mjomba hajazaliwa.
Nachungulia hata hivyo.

Kitu kinasogea.
Nasahau mrija, nameza chumvi.
Sili: kichwa mviringo, masharubu, macho meusi yenye unyevu.
Ananikagua kama afisa wa uhamiaji mwisho wa zamu,
uso, mikono, tena uso,
kisha ananipita bila kugonga muhuri.

Ufukweni meno yanagongana hata siwezi kushika kikombe.
Chai ya Inga haina sukari. Nainywa.
"Umeona nini?"

Natafuta neno. Upepo unanyanyua taulo.
"Kaa," nasema. "Mkubwa hivi."
Anacheka, anafurahi kwa ajili yangu,
anapakia mapezi kwenye gari, mchanga na vyote.

Suti nikae nayo, anasema, ikauke vizuri.
Ila mwisho Ijumaa.