Kitabu cha Wageni

Ofisi ya kijiji cha Kwemsala, ukipita mashamba ya mkonge ya Muheza,
ina chumba kimoja, kabati moja
na kitabu cha wageni chenye kalamu iliyofungwa kwa kamba
ili isisafiri.
Wageni tunajulikana.

Mtendaji ni binti, Nuru Kihiyo.
Ananisogezea kitabu kabla ya kiti.
"Jaza hapo, Profesa. Tarehe, jina, unakotoka,
cheo, madhumuni ya ziara, sahihi."
Namwomba kwanza vitabu vya zamani.
Anavitoa chini ya mifuko ya mbolea ya ruzuku,
mchwa wamezila pembe zake
kama mipaka ya nchi ninazozifundisha.

Nipo humu.

Mwaka tisini na mbili. Blandina Mhina. Mlimani. Mwanafunzi.
Madhumuni: utafiti.
(Baiskeli ya kaka, madodoso themanini kwenye keria.)
Tisini na nane. Dkt. Mhina. Oslo. Mshauri.
Madhumuni: mradi wa maji.
Elfu mbili na tatu. Dkt. Mhina. Nairobi. Tathmini ya katikati.
Elfu mbili na tano. Tathmini ya mwisho.
Mwisho wa nini, hakuna aliyeandika.

Sahihi nayo inazidi kukimbia:
mwanzoni jina zima, herufi zimekaa wima
kama watoto wa darasa la kwanza siku ya mkaguzi;
baadaye mkwaruzo na nukta,
dereva nje hajazima injini.

Mjini wana neno la watu wa namna hii:
waja leo, waondoka leo.
Na mimi ni mzaliwa wa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Saba,
baba yangu karani wa reli aliyejua saa bila saa.
Kitabu chote hiki, safu ya "anakotoka",
Tanga haimo.

Bi. Mwajabu Sechonge alikuwa dodoso namba arobaini na saba.
Alikuwa anachambua kunde.
Nilimsomea swali la kumi na tisa:
Serikali inakusikiliza kwa kiasi gani, moja hadi tano?
Akasema, "Niandikie sita."
"Bibi, hakuna sita."
"Ndiyo hiyo hiyo. Hiyo ambayo haipo."

Usiku, kwa taa ya chemli, niliandika: HAJAJIBU.
Katika jedwali la nne la tasnifu yangu yeye ni kistari.
Jedwali likanipa udaktari, udaktari ukanipa viza,
viza ikanipa koti zito na kiti kwenye meza ndefu
ambako watu wenye maji ya chupa waliuliza kuhusu visima.
Nikawafundisha vijana, miaka nenda rudi:
kistari hakina uzito, kiondoeni, hesabu itatulia.
Ilitulia kweli.

"Pampu je?" namuuliza Nuru.
"Ipi? Zipo tatu." Anacheka kwa adabu.
"Ya kijani ndiyo yenu? Tunafungia mbuzi."
"Na Bi. Mwajabu?"
"Bibi yangu huyo. Alifariki mwaka wa Uviko,
wala si Uviko, alichoka tu. Mlijuana?"

Nina machapisho arobaini na mawili.
"Nilimhoji," nasema.

"Aa. Walimhoji wengi." Anafuta vumbi kwenye muhuri.
"Yeye alipenda kalamu. Mkizisahau, anaziweka kwenye kopo la maziwa.
Mimi nimesoma kwa kalamu hizo mpaka kidato cha nne."

Navuta ile ya kamba. Kamba ni fupi, lazima niiname.
Tarehe. Jina.
Unakotoka: Ngamiani.
Cheo: mstaafu.
Kwenye madhumuni mkono unagoma.
Nachora kistari.

Nuru anakigeuza kitabu upande wake, anakitazama.
"Hapa hatuachi hivi, Profesa. Mkaguzi akija ataniuliza mimi."
Anainuka, anakwenda chumba cha pili,
anarudi anaburuta kiti.